Kabla ya kutundika, lipime Boma

Huku London, msanii akipewa ukumbi wa Turbine Hall pale Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa, haulizwi atatundika picha ngapi. Anakabidhiwa jengo: ukumbi wa kituo cha zamani cha umeme, urefu mita 155, kimo mita 35. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson alipanga taa za njano zipatazo 200 katika nusu duara, akafunika dari yote kwa vioo. Nusu ile na taswira yake juu vikaungana, likawa jua zima. Mwaka 2007 Doris Salcedo alipasua sakafu kwa ufa uliopindapinda mita 167, na kovu lake linaonekana mpaka leo. Kazi za namna hiyo ukizihamishia jengo jingine zinakufa.

Nyumbani Arusha, jumba la makumbusho bado tunalichukulia kama mahali pa kupigilia misumari. Inatuuma, kwa sababu Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa kuwa ngome ya kututawala. Ukuta wenye kisa kama hicho haustahili kufunikwa kwa fremu za picha.

Kwa msanii atakayefanya kazi ndani ya Boma, kinachotakiwa kwanza ni kusoma mwanga. London mwezi Desemba jua hukaa chini na miale yake hufika mbali ndani. Arusha iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosini na miale ya dirishani haifiki mbali ndani. Kazi ya vivuli ipangiwe saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni.

Ukuta wa mawe wa zamani usitobolewe. Shimo likizibwa kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na jiwe huanza kumeguka. Ili kutundika kazi, simamisha fremu ya mabomba inayojibeba yenyewe, kila mguu juu ya kipande cha tairi, na mifuko ya mchanga chini.

Kamba ya katani ni yetu na inapendeza, ila ina tabia yake: ikinyonya unyevu inavimba na kufupika. Kamba iliyokazwa Februari itaivuta fremu nzima masika yakiingia. Iloweke, ianike ikauke kabisa, ndipo uifunge, tena kwa fundo linalolegezeka.

Anayewaza kumwaga maganda ya kahawa ya Moshi sakafuni akumbuke mbegu za alizeti milioni 100 za kauri ambazo msanii wa China, Ai Weiwei, alizitandaza kwenye Turbine Hall hiyo hiyo mwaka 2010: siku chache tu baada ya kufunguliwa, watu walizuiwa kuzikanyaga kwa ajili ya vumbi. Maganda yana vumbi pia, na wadudu wake wanaweza kuhamia kwenye wanyama na ndege waliokaushwa wa makumbusho. Yafungwe kwenye nailoni, yakae kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Wiki hizo hizo msanii aachwe ndani ya Boma na futi kamba na daftari, aandike mwanga unagusa jiwe lipi, saa ngapi.