Dagaa wa chanja na dagaa wa mchanga si mzigo mmoja

Mzigo wa dagaa unaokwenda Kongo ukichelewa kuondoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, lawama humwangukia wakala wa forodha. Wenye mzigo husema dagaa ni dagaa: aandike "dagaa wakavu", lori liondoke kabla mvua haijayakuta magunia. Nawaelewa. Ila kazi ya kuuchambua mzigo kabla ya kujaza hati inabebeshwa dhambi isiyo yake.

Namba ya HS, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa forodha, zile tarakimu 6 za mwanzo zinazosomeka sawasawa Mwanza, Lubumbashi na Shanghai, hazifuati jina la sokoni. Kwa Kiingereza dagaa wetu mara nyingi huitwa sadini, na anayeamini jina hilo atamweka 0305.54. Dagaa wa Ziwa Victoria si sadini; kiukoo yuko karibu zaidi na ningu. Kati ya samaki wakavu, mahali pake ni 0305.59, pa wale wasiotajwa kwa jina. Kosa hilo ni la tarakimu moja, na hurekebishika.

Zito ni la mchanga. Sura ya 3 ya HS, inayohusu samaki, inawatoa nje samaki waliokufa wasiofaa kuliwa na binadamu kwa sababu ya aina yao au hali yao, na kuwapeleka sura ya 5. Hali yao. Dagaa waliovuliwa usiku mmoja, kwa taa zilezile, wakashushwa kutoka mtumbwi mmoja, wanaweza kuachana njia asubuhi. Ndoo iliyoanikwa juu ya chanja inabaki kuwa chakula. Iliyomwagwa mchangani, ikanyeshewa, ikaharibika kisha ikauzwa kwa ajili ya kuku, imeshahama sura. Ikisagwa kuwa unga wa kulishia mifugo inahama tena, inakwenda 2301.20. Kwa hiyo namba haiamuliwi mpakani. Inaamuliwa ufukweni, na mtu aliyechagua mahali pa kuanika.

Ndiyo maana namfikiria mama aliyenunua miti na nyavu za chanja, akashinda juani akigeuza dagaa wake. Gharama yake haionekani kwa macho mzigo ukishafungwa. Hati ikisema "dagaa wakavu" tu, gunia lake linasafiri kwa jina moja na gunia la mchanga, na mnunuzi hupanga bei akihofia lile baya. Ziwa hili linajua maumivu ya kuhesabiwa pamoja: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wake kwa sababu ya uvuvi wa sumu, aliyetumia sumu na aliyetega nyavu halali walifungiwa mlango mmoja.

Wanaopinga wana hoja, na ngumu kweli. Lori moja hubeba magunia ya watu wengi, kila mmoja na daraja lake. La mmoja likitiliwa shaka, wote wanalala mpakani Rusumo. Mwenye magunia matano hawezi kumlipa mtaalamu wa kusoma sura na vifungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili, cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kilichowekwa kwa ajili ya watu kama hao, lakini nacho kinataka bidhaa iwemo katika orodha iliyokubaliwa. Tunarudi palepale, kwenye kutambua bidhaa ni ipi.

Nionavyo mimi, kosa liko kwenye mahali na saa. Kuchambua mpakani, magunia yameshashonwa na dereva anahesabu siku, ni adhabu. Kuchambuliwe mwaloni, yakiwa bado wazi, na kila mwenye mzigo awe na mstari wake kwenye hati. Akina mama wa Kirumba hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Tayari wanatenga dagaa wa chakula na dagaa wa kuku, marundo mawili kwa bei mbili, kila asubuhi. Yanaunganishwa tena pale kalamu inapogusa karatasi.