Programu ya Simu ya Kumtafutia Mgeni Marafiki: Je, Inafaa Arusha?

Jiji la Arusha, ambalo sensa ya mwaka 2022 ilikuta lina wakazi zaidi ya laki sita, halikosi wageni mwezi wowote. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zina makao makuu hapa, Taasisi ya Uhasibu iliyoko Njiro na Chuo cha Ufundi huvuta wanafunzi kutoka mikoa mingi, na utalii huleta madereva, wapishi na waongoza watalii ambao wengi wao hawana ndugu mjini. Kwa hiyo wazo la kuunda programu ya simu ya kumsaidia mgeni kupata marafiki lina msingi, na vijana wanaolifikiria wanastahili kujibiwa kwa hoja badala ya kuambiwa tu kwamba urafiki hautafutwi kwenye simu.

Wanaolipinga wazo hili hawasemi ovyo. Mgeni anayehamia mtaani, wanasema, hujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mjumbe. Akiwa Mkatoliki huingia jumuiya ndogo ndogo, akiwa Mwislamu atajulikana msikitini baada ya muda mfupi, na akishazoeleka hukaribishwa katika kikoba au katika kikundi cha kufa na kuzikana. Nguvu ya taratibu hizi ni kwamba mtu asipoonekana mara mbili, yupo atakayeuliza amepatwa na nini. Katika hilo nakubaliana nao kabisa. Nisichokubali ni dhana kwamba milango hiyo iko wazi kwa kila mtu, kwa sababu kikoba hakimpokei mtu asiye na wa kumdhamini, na jumuiya hukutana saa ambazo si kila mfanyakazi anazo.

Tumtazame muuguzi aliyehamishwa kutoka Mtwara, aliyepanga chumba Sakina katika nyumba ya wapangaji wengi. Akitoka zamu ya usiku anakuta majirani wameshakwenda kazini; jioni wanapokutana bombani na ndoo zao, wakisimuliana ya mchana, yeye yuko kituoni akisubiri daladala ya kumrudisha hospitalini. Miezi inapita, na watu anaowajua kwa majina ni mwenye genge na dereva wa bodaboda. Huyu hajakataa watu na watu hawajamkataa. Saa zake na zao ndizo zisizokutana, na hapo ndipo simu inaweza kusaidia, kwa kumwonyesha wengine wenye nafasi wakati ule anaokuwa na nafasi yeye.

Swali gumu zaidi ni namna ya kuiunda. Huko nje ipo mifano miwili iliyo tofauti. Meetup, iliyoanzishwa New York mwaka 2002, hukusanya watu kwenye shughuli wanayoipenda kwa pamoja, ilhali Bumble, programu ya kutafutia wapenzi, ilipoongeza sehemu ya marafiki mwaka 2016, ilifuata mtindo wa kutazama picha za watu na kuchagua. Nauona mtindo wa pili haufai hapa, na sababu ya kwanza imo katika namna urafiki unavyokua. Watafiti Festinger, Schachter na Back, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1950 kwenye nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, waliona kwamba waliofanya urafiki walikuwa hasa wale ambao milango yao ilikaribiana na waliopishana mara kwa mara. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas naye alikadiria mwaka 2018 kwamba watu huhitaji kuwa pamoja kwa saa zipatazo 50 ili wanaofahamiana waanze kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili urafiki uwe wa karibu. Anayekutana na wenzake saa mbili kila wiki atazifikisha zile 50 baada ya karibu nusu mwaka. Picha humpa mtu mkutano wa kwanza tu, na kinachomshinda mgeni ni mkutano wa kumi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ushauri huo unafaa kuwa msingi wa programu yenyewe. Badala ya orodha ya nyuso, ionyeshe shughuli zinazorudiwa katika kata husika: kikundi cha kukimbia kinachoanza saa kumi na mbili alfajiri, timu ya wavu isiyo na wachezaji wa kutosha, kwaya inayohitaji sauti ya nne, usafi wa mtaa wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtu akishika fagio au koleo pamoja na wengine huanza kuzungumza bila kutafuta la kusema, jambo ambalo wawili waliopangiwa kukutana mgahawani hulipata kwa shida.

Sababu ya pili ya kuukataa mtindo wa picha ni usalama. Programu ya picha ni rahisi kugeuka ya kutafutia wapenzi, na mwanamke aliyeolewa atakayekutwa nayo kwenye simu atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza nyumbani. Kuthibitisha utambulisho hakutoshi: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na bado ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” unaendelea kutufikia. Zaidi ya hayo, programu inayojua kwamba fulani ni mwanamke, anaishi peke yake Moshono na hana anayemfahamu, imehifadhi taarifa ambayo mhalifu angeitafuta kwa bidii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wakusanyaji wa taarifa, lakini kinga iliyo bora ni kutozikusanya. Kikundi kionekane, mgeni asionekane. Kiongozi wa kikundi ndiye athibitishwe, hata kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkutano wa kwanza uwe mchana mahali pa wazi. Najua wapo watakaohofia kuuhusisha uongozi wa mtaa, wakiona ni kuchunguzwa, na hofu hiyo ni halali endapo majina ya wageni yatapelekwa huko. Yasipelekwe.

Simu yenyewe nayo ni kikwazo. Wadada wa kazi za ndani, ambao nadhani ni miongoni mwa wapweke zaidi mjini, mara nyingi wana kitochi, na bando ni gharama. Huduma ya kubonyeza nyota na reli ingewafikia, japo kampuni za simu hutoza huduma hiyo na waundaji watalazimika kujadiliana nazo.

Gharama hiyo inatuleta kwenye mapato, mahali ambapo naona hatari kubwa kuliko zote. Programu inayoishi kwa matangazo hunufaika mtumiaji anapobaki kwenye skrini, ilhali hii inatakiwa ifurahi akiondoka. Ikivitoza vikundi, itajaa kampuni za safari zinazowinda wateja, na mgeni kutoka nje ya nchi atafuatwa kwenye simu kama anavyofuatwa na wauza picha pale kwenye Mnara wa Saa. Wanaostahili kulipa ni waajiri na vyuo, kwa sababu mfanyakazi mpweke huomba uhamisho na mwanafunzi mpweke huacha masomo, mradi walipe bila kuonyeshwa nani alijiunga na nini.

Wala isianze na jiji zima, kwa maana anayeifungua akakuta kikundi kimoja tu, tena Kijenge wakati yeye anaishi Ngaramtoni, hataifungua tena. Ianze Njiro, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ikiwa na vikundi vichache vilivyohakikiwa, na baada ya miezi sita waundaji waende wenyewe kwenye mazoezi na kwenye kwaya wahesabu ni wageni wangapi bado wanahudhuria bila kukumbushwa na simu.