Sheria tunazo, walezi wako wapi?

Mawakili Wakenya tunaoishi Uingereza tuna tabia ya kusifu huku mpaka mtu akadhani nyumbani hakuna chochote. Katika sheria ya mazingira sikubaliani na sifa hizo. Kwa maandishi Kenya imetangulia. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamfungulia mlango wa korti bila kumdai athibitishe kwamba yeye mwenyewe ameumia. Wangari Maathai alipokwenda kortini mwaka wa 1989 kupinga jengo refu katika Uhuru Park, kesi ilitupwa kwa kuwa eti hakuwa na haki ya kushtaki. Leo isingefia hapo.

Tunachokosa ni watu wa kumlea wakili mchanga mpaka aweze kuzitumia sheria hizo.

Huku ulezi ni sehemu ya kazi, si hisani ya mkubwa. Anayesomea usolisita, yaani uwakili wa kushauri wateja na kuandaa nyaraka ofisini, hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka 2, na katika kampuni nyingi huhamishwa idara kila miezi 6. Anayelenga kutetea kesi mahakamani hukaa miezi 12 na msimamizi: nusu ya kwanza anatazama na kuandika, nusu ya pili anaruhusiwa kusimama mwenyewe. Ila muda si jambo kubwa kwangu. Jambo kubwa ni kwamba rasimu hurudi. Unaandika hoja, mkubwa anazisoma kweli, zinarudi zimejaa alama, kisha anakaa nawe kukueleza kwa nini aya ya tatu haisimami. Inauma, na ndipo mtu anapojifunza.

Nyumbani uanagenzi ni wa miezi 6, chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5. Kwa wengi, miezi hiyo huishia masijala: peleka faili, chukua tarehe, rudi ofisini. Anayetaka mazingira hasa ana kibarua kigumu zaidi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ingawa jina lake linaanza na mazingira, imejaa kesi za mipaka na hatimiliki, na ofisi lazima ifuate riziki ilipo. Kijana anaingia na ndoto ya mito na misitu, anatoka bingwa wa hatimiliki.

Na kazi yenyewe haifundishiki darasani. Mwaka wa 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, uliokusudiwa kuzalisha megawati 1,050, na hoja nzito ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Katika kesi ya namna hiyo, kifungu utakipata kwa dakika chache. Ugumu ni kujua la kuuliza. Mkutano na wananchi ulifanyika kabla au baada ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kukamilika? Walipewa nini wasome, na kwa lugha gani? Ukurasa upi wa ripoti umenakiliwa kutoka mradi mwingine? Halafu saa inakwenda: rufaa ya kupinga leseni ina siku 60, na kijana asiye na wa kumuuliza anaweza kuzimaliza akitafuta mtaalamu wa kumwandikia hati ya kiapo.

Kuna pia Owino Uhuru, Mombasa, ambako watu walidhurika kwa madini ya risasi yaliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kesi iliwasilishwa mwaka wa 2016. Mwaka wa 2020 korti iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka wa 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mwanagenzi wa miezi 6 angeona kipande gani cha safari hiyo? Pengine asingeona hata shahidi mmoja akihojiwa.

Kwa hiyo naona ulezi wa mawakili wa mazingira ufuate faili, usifuate kalenda. Aliyeanza na kesi aendelee kuhusishwa nayo hata uanagenzi ukiisha, na kila hatua iandikwe: kwa nini tulimchagua mtaalamu huyu, kwa nini dai lile tuliliacha. Chama cha Mawakili kinaweza kuhesabu kazi hiyo katika alama za mafunzo ya kila mwaka, badala ya semina za hotelini peke yake.

Nisiipambe Uingereza kupita kiasi. Wakili mchanga wa mazingira huku anaweza kumaliza miaka akikagua vibali na mikataba ya kununua viwanja vilivyochafuliwa, bila kukutana na anayekunywa maji ya hapo. Kesi kama ya mwanaharakati Sarah Finch, ambayo mwaka wa 2024 ilifika Mahakama ya Juu kuhusu moshi wa mafuta yatakayochomwa baada ya kuchimbwa, ni za wachache. Mwenzake wa Kenya anaweza kuketi na wanakijiji mapema sana, na wazee wa pale wakamfundisha mengi ambayo hakuna msimamizi wa London anayeyajua.

Sisi tulio nje tunaweza kusoma rasimu, mteja akikubali zitoke ofisini. Kutia saini na kusimama kortini ni kazi ya walioko huko, na mihadhara yetu hawaihitaji.

Wakubwa husema, nikimfunza kijana atanihama. Huku pia wanahama, tena sana. Msimamizi hukutana naye mwaka unaofuata akiwa upande wa pili wa kesi, na nyaraka zake zimepangwa vizuri kiasi kwamba mambo yasiyobishaniwa wanayamaliza kwa simu moja.