Lenin wa Bassingbourn

Mzee ninayemtunza hapa Uingereza ana kasoro moja ya Kiswahili, na kosa ni langu. Nilimfundisha "shikamoo" bila kumweleza nani humwamkia nani. Matokeo yake kila asubuhi nikiingia na chai, mtu wa miaka 89 ananipa mimi shikamoo. Nimemsahihisha mpaka nimechoka. Siku hizi naitikia marahaba kimyakimya na kuomba mama yangu asije akasikia.

Mzee amekulia kijiji cha Bassingbourn, Cambridgeshire. Wakati wa Vita vya Pili Wamarekani waliweka pale kikosi chao cha 91 cha ndege za mabomu, zile B-17 za injini nne, na yeye na wenzake walishinda uwanjani kuwaomba askari bigijii. Kuna picha alipigwa mwaka 1944 chini ya pua ya ndege mojawapo, akiwa na mafundi watano. Iliyobaki ni negativu tu, ile filamu ya kusafishia picha, ndani ya kopo la biskuti. Birthday yake ilipokaribia nikaichukua kwa siri. Niisafishe, niikuze, halafu nimtajie na jina la ndege. Atalia, nilijua.

Na majina yalikuwepo. Wale jamaa walikuwa kama madereva wetu wa daladala: chombo hakitoki bila jina na mchoro. Pale Bassingbourn kulikuwa na koplo mmoja, Tony Starcer, aliyechora pua za ndege zaidi ya mia, pamoja na ile maarufu ya Memphis Belle. Wengi walitaka wanawake wenye nguo chache. Pembeni huchorwa safu za vibomu, kila kibomu ni safari moja iliyokwenda na kurudi.

Nikaazima mashine ya kuskani, nikalaza negativu, nikabonyeza. Picha ikatoka safi. Mchoro wenyewe umezibwa na mabega ya watu, ila juu yake kuna maandishi. Mwanzo wa neno umefunikwa na kofia ya fundi mmoja mrefu. Zimebaki herufi nne za mwisho: E iliyogeuka nyuma, N iliyogeuka nyuma, I, na N nyingine iliyogeuka nyuma.

Hapa lazima mjue kwamba baba yangu alisoma Odessa, mji wa Usovieti ya zamani. Nimekulia nyumba yenye kisanamu cha Lenin juu ya kabati la vyombo, kimekalishwa kwenye kitambaa cha kufuma. Herufi za Kirusi za namna ile nilizijua kabla ya a-e-i-o-u. Kitu ENIN, mbele yake herufi moja imezibwa na kofia. Ingekuwa nani mwingine?

Usiku huo sikulala. Nikasoma mpaka nikakuta kwamba mwaka 1944 B-17 zilikuwa zikitoka Uingereza, zinapiga mabomu, kisha zinakwenda kutua Poltava, Ukraine, kwa Wasovieti. Usiku wa kuamkia Juni 22 Wajerumani wakazifuata hukohuko wakaharibu zaidi ya arobaini. Na baadhi ya zilizotua kwa dharura upande ule, Wasovieti walizikarabati wakazirusha wenyewe. Yote hayo ni kweli. Nilichokiongeza mimi ni kwamba moja ilirudi Bassingbourn kusalimia.

Nikamtumia baba picha kwa WhatsApp. Akajibu: "Mwanangu, N iliyogeuka Kirusi ni 'i'. Hapo pameandikwa e-i-i-i. Hakuna Lenin hapo, kuna mtu anapiga ukunga." Nikamwona baba amesahau lugha.

Hata ushahidi mwingine niliupata. Wanaume wote watano walikuwa wamevaa saa mkono wa kulia. Nikajiambia, si hata Putin huvaa kulia? Na mashati yao yamefungwa kike, vifungo upande wa kushoto. Nikaandika kwenye daftari: "Sare za Kisovieti."

Siku yenyewe ikafika. Watoto, wajukuu, vitukuu, keki. Nikasimama, nikafunua picha niliyoiweka kwenye fremu, nikahutubia dakika kumi na mbili. Poltava nikaieleza vizuri mno. Nikamalizia kwamba babu yao, akiwa na miaka minane, alipigwa picha akiwa na Jeshi Jekundu la Wasovieti katikati ya mashamba ya Uingereza. Mkwe wake mmoja akaanza kupiga makofi, mkewe akamshika mkono.

Kitukuu mmoja wa kike, ana miaka kama tisa, akaitwaa fremu akaenda nayo chooni. Tukasikia anacheka peke yake. Kisha akaita watu. Wakaenda mmojammoja mbele ya kioo cha kunawia, na kila aliyetoka alikuwa amejishika mdomo. Nikaenda wa mwisho. Kwenye kioo saa zilikuwa mkono wa kushoto, vifungo vimerudi kiume, na Lenin alikuwa ameandikwa NINE. Negativu niliilaza mgongo juu, tumbo chini.

Mzee alikuwa bado kwenye kiti chake. "Nine-O-Nine," akasema taratibu. "Namba yake ya mkiani iliishia na 909. Safari 140 ilikwenda ile, na ikarudi zote. Ungeniuliza tu."

Kweli, mwezi mzima sikumuuliza. Nililinda siri.

Picha nimeiskani upya na sasa iko ukutani kwake. Ile ya kwanza ameikatalia isitupwe, iko juu ya kabati, nusura niitafutie kitambaa cha kufuma. Asubuhi iliyofuata nikaingia na chai. Mzee akajiinua kidogo kwenye mto, akakunja ngumi hewani.

"Shikamoo, komredi."

Nikaitikia marahaba.