Mwizi wa Kwenye Simu, Barabara ya 12

Wenye maduka wa Ngamiani, Tanga, ukiwatajia "kulipia kila mwezi" masikio yanaziba. Mzee wa vifaa vya ujenzi Barabara ya 12 ndiye kiongozi wao. Alitaka kuona kamera za dukani akiwa kwake Raskazone, na hataki kusikia bili mpya. Intaneti ya dukani ni ya laini ya simu: haina anwani (IP) yake ya hadharani, wateja chungu nzima wanagawana moja, kwa hiyo kutoka nje huingii hata ufungue milango yote ya rauta. Ila alikuwa na seva ndogo ya kukodi inayobeba tovuti ya duka. Nikampandishia Headscale humo humo, programu ya kuendesha mtandao wako binafsi (VPN) ambao vifaa hujiunga kwa Tailscale.

Headscale ni karani tu. Inajua nani yumo kwenye mtandao, inagawa anwani za 100.64 na kuendelea, inapelekeana funguo. Mzigo wenyewe unapita kwa WireGuard, handaki lililofungwa kwa siri, kati ya kifaa na kifaa. Ndiyo maana seva ya RAM ya GB 1 inatosha na inabaki. Yanayosumbua yanajulikana. Kwenye `config.yaml`, jina la `base_domain` lisiwe lile lile la `server_url`, la sivyo seva inagoma kuwaka. Ukiiweka nyuma ya nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti, pitisha vichwa vya `Upgrade` na `Connection`, maana usipovipitisha ukurasa wa seva utafunguka vizuri kwenye kivinjari huku vifaa vikikataa kujiunga, nawe utaanza kulaumu firewall isiyo na hatia. Na ufunguo wa kujiungia usipoupa muda, unakufa baada ya saa 1. Fundi akienda kunywa chai ya tangawizi na maandazi, akirudi anakuta maiti.

Dukani nikaacha Raspberry Pi, kikompyuta cha kiganjani, kando ya DVR, kinasa picha za kamera, nikawasha `net.ipv4.ip_forward` ili Pi ipitishe mzigo wa wengine, nikatangaza mtandao wa ndani:

`tailscale up --login-server https://... --advertise-routes=192.168.1.0/24`

Kwenye seva nikaidhinisha njia kwa `headscale nodes approve-routes`. Simu ya Mzee ikafungua DVR kwenye 192.168.1.108. Akaangalia kaunta yake, akaangalia mifuko yake ya saruji, akacheka peke yake.

Sasa Mzee ana tawi Muheza, la mbolea na pembejeo. Na ana mpwa wake, kijana mwepesi wa mikono, ambaye hakuona sababu ya kuniita tena wakati amri zote zimo kwenye WhatsApp ya mjomba. Akachukua Pi nyingine, akanakili mstari kwa mstari. Alichobadilisha ni namba ya nodi tu, yaani ya kifaa kwenye orodha ya Headscale. Rauta ya Muheza ni pacha wa ile ya Ngamiani, zimenunuliwa siku moja, zote 192.168.1.1. DVR nazo ni pacha: 192.168.1.108, nywila ile ile, na kamera ya kwanza imeandikwa KAUNTA kote kuwili. Alipojaribu, simu ikamwonyesha Ngamiani. Akamwambia mjomba Muheza mtandao unasumbua, akaiacha Pi inawaka, akaenda zake.

Hapo ndipo penye uhondo. Headscale ikiona nodi mbili zimeidhinishiwa njia moja, haigombi. Inadhani umeweka akiba kwa makusudi: moja inahudumia, ya pili inasubiri ya kwanza izimike.

Ya kwanza ikazimika. LUKU ya Ngamiani iliisha usiku, baada ya Isha, Mzee yuko barazani na wenzake. Akafungua simu awaringie duka. Saruji hakuna. Mabati hakuna. Kuna mwanaume kalala chali juu ya viroba, kavua viatu, kavipanga vizuri.

"Nimeibiwa, na mwizi kalala!"

Baraza zima likapanda bodaboda. Mimi nilipigiwa simu wakiwa njiani, nikawakuta mlango umezungukwa, mgambo mmoja na marungu kadhaa. Wakafungua kufuli kwa nguvu za pamoja, wakaingia na tochi. Saruji ipo. Mabati yapo. Mtu hayupo. Mzee akaangalia simu: mtu yupo, sasa kageukia ubavuni.

"Yuko hapo hapo penye misumari," akasema jirani, akapunga rungu hewani. Kwenye simu jamaa hata hakutikisika.

"Hii chuma ulete," mwingine akanong'ona, na wawili wakatoka nje kinyumenyume.

Mzee, ambaye ni mtu wa dini na hana mchezo na mambo hayo, akasimama mbele ya kamera, akainua mkono, akaangalia simu. Akainua na wa pili. Kimya kikaingia.

"Mzee," jirani akasema kwa upole, "mbona wewe mwenyewe humo?"

Nikauliza, "Shikamoo Mzee. Umeme upo?"

"Marahaba mwanangu. Haupo, LUKU imeisha."

"Basi hiyo kamera inayoonyesha inatumia umeme wa nani?"

"Wa kuzimu!" mtu akajibu kutoka nje.

Wakanunua umeme kwa simu, wakaingiza tokeni, taa zikawaka, Pi ikawaka. Picha ikabaki ya mwizi. Hilo nalo lina sababu: nodi ya akiba ikishashika njia, haiiachii kwa kuwa mwenzake kaamka. Inaendelea mpaka nayo ianguke. Nikaingia kwenye seva, nikaandika `headscale nodes list-routes`. Mistari miwili, 192.168.1.0/24 juu na 192.168.1.0/24 chini, na safu ya nani anahudumia inaonyesha Muheza. Nikaifutia Muheza idhini kwa kumpa `approve-routes` orodha tupu, `--routes ""`. Mzee akafungua programu upya, akajiona, mikono bado iko juu. Watu wakamshukuru Mungu, mgambo akaomba nauli.

Muheza nilikwenda asubuhi. Mtu akikutana na hali hii, dawa ni kubadili mtandao wa tawi moja, na utaratibu una maana. Anza na DVR: ipe 192.168.20.108, geti 192.168.20.1, ihifadhi. Ukianza na rauta, DVR inabaki peke yake kwenye mtandao wa zamani na itabidi uifuate kwa skrini na mausi. Printa ya risiti iliyofungiwa anwani ifanyie vivyo hivyo. Halafu rauta: LAN iwe 192.168.20.1, DHCP, mgawaji wa anwani, igawe 100 hadi 200. Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa unaganda. Usiogope, chomoa waya wa kompyuta uchomeke tena ipate anwani mpya. Kwa nini 20? Kwa sababu 0 na 1 ndizo rauta nyingi zinazotoka nazo kiwandani, na vimodemu vingi vya laini hutoka na 8. Mwisho, kwenye Pi:

`tailscale set --advertise-routes=192.168.20.0/24`

Idhinisha, angalia `list-routes`, kila nodi iwe na mstari wake. Kwenye simu, DVR ya pili iandikwe MUHEZA kwa herufi kubwa.

Mpwa alisimama pembeni muda wote, ananakili. Mlinzi wa Muheza naye kahamishia viroba vyake nyuma ya madumu ya dawa, ambako kamera haifiki. Mzee ameshaniuliza bei ya kamera ya pili.