Kisigino cha Chama na Mahari ya Mpwa Wangu

Jumapili ya tarehe 23 Desemba 2018, Simba ilirudiana na Nkana ya Zambia katika Uwanja wa Taifa, na siku hiyo hiyo, kwa uamuzi wa akina mama ambao hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyeulizwa, mimi nilikuwa mshenga wa mpwa wangu kwenye nyumba moja ya Temeke, jirani kabisa na uwanja wenyewe. Kule Kitwe tulikuwa tumefungwa 2-1, kwa hiyo ushindi wa 1-0 tu ungetosha kutupeleka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa faida ya bao la ugenini. Hesabu hiyo niliielewa kuliko ile ya mahari niliyotumwa kuizungumza.

Simu yangu ya batani ina redio, lakini haishiki kituo mpaka uchomeke hedifoni, kwa kuwa waya wake ndio antena. Niliupitisha waya huo ndani ya kanzu, ukapanda mgongoni, ukazama chini ya kofia, na kidude chake kimoja kikatulia katika sikio langu la kushoto, upande wa ukutani. Baba mkubwa niliyeambatana naye aliketi kuliani kwangu na hakushuku lolote. Wenyeji nao hawakushuku, ingawa baba wa binti alikuwa Yanga damu, na kalenda ya kijani na njano iliyoning'inia juu ya kichwa chake ilinitazama muda wote kama askari wa zamu.

Tulikuwa bado kwenye shikamoo na marahaba pale Walter Bwalya alipoifungia Nkana. Nikasema "Inna lillahi" kwa sauti iliyonitoka bila ruhusa, na mjomba wa binti, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, akaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki. Nilimjibu kwamba nimemkumbuka marehemu shangazi yangu, wazee wakainamisha vichwa, na tukaombewa dua nzuri ambayo ndani yake Jonas Mkude alisawazisha. Kwa hiyo niliitikia "Amina" kwa furaha ambayo, naambiwa, haikulingana na msiba. Meddie Kagere alipofunga la pili kabla ya mapumziko, sambusa zilikuwa zinapita, na kwa bahati "Alhamdulillahi" yangu ilimwangukia mama mwenye sinia, ambaye aliniongezea mbili.

Kipindi cha pili ndicho kilichotuua. Matokeo yalikuwa 2-1, jumla 3-3, mabao ya ugenini sawa kwa sawa, na kila dakika iliyopita ilitusogeza kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Mjomba naye hakuwa mtu wa haraka. Alianzia kwenye malezi ya binti, akapita kwenye masomo yake tangu chekechea, akaeleza ada, sare na nauli za daladala, na mimi nikawa natikisa kichwa kila Simba ilipopata kona. Maagizo niliyopewa nyumbani yalikuwa wazi: jumla isizidi milioni moja na nusu, na lolote watakalotaja, mshenga aseme kwa unyenyekevu, "Wazee wetu, tunaomba mtupunguzie."

Hatimaye akataja. Mahari milioni mbili, mkaja wa mama laki tano, kilemba cha baba laki tano. Alipokuwa anaitamka ile laki tano ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika chache mpira uishe, Clatous Chama akaupiga mpira kwa kisigino.

Mimi nasisitiza hadi leo kwamba sikusema nimekubali. Nilichosema, nikiwa nimesimama juu ya mkeka mikono ikiwa hewani na glasi ya juisi ya ukwaju ikimwagikia barua ya posa, ni haya: "Hiyo hiyo! Hapo hapo! Tumemaliza kazi!" Wakati huohuo mtaa mzima ulilipuka, ngurumo ya uwanjani ikaingia dirishani, na akina mama waliokuwa nyuma ya pazia, wakidhani ni majirani wanawapongeza, wakapiga vigelegele ambavyo hakuna mshenga duniani angeweza kuvirudisha. Mjomba alinishika mkono kwa nguvu na kuwaambia wenzake kwamba katika maisha yake hajapata kuona upande wa mume ulio muungwana kiasi hiki.

Baba mkubwa alinifinya paja kiasi kwamba niliketi bila kupenda, na katika kuketi huko kofia ikaanguka. Waya ukabaki unaning'inia sikioni mbele ya kadamnasi. Baba wa binti aliutazama, akaitazama kalenda yake, kisha akaniuliza taratibu, "Ngapi?"

"Tatu moja, mzee."

Alinyamaza kidogo. "Basi andikeni na kilemba cha mjomba."

Mpwa wangu alilipa kwa awamu na ndoa ikafungwa. Tarehe 16 Machi 2019, Chama alipoifunga AS Vita dakika ya 90 na Simba ikaingia robo fainali kwa ushindi wa 2-1, alikuwa wa kwanza kunipigia simu. Hakutaja mpira. Aliniuliza niko nyumbani kwa nani.