Raba Mbili na Mshale Mwongo

Kilichoniponza ni breki za nyuma. Wiki moja kabla ya balaa nilibadilisha pedi za nyuma za Mazda MX-5 yangu ya 1996, ile yenye injini ya 1.8, bila kuita fundi. Asiyezijua breki hizo atasema kazi ndogo. Thubutu! Pistoni ya nyuma haisukumwi kwa klampu kama ya mbele, kwa sababu ndani yake mna skrubu ya breki ya mkono. Nyuma ya kalipa, ile sehemu inayobeba pistoni na pedi, kuna boliti ya namba 14 ambayo kazi yake ni kuziba tundu tu. Ukiifungua, unaingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, unazungusha kinyume cha saa, na pistoni inarudi ndani kwa adabu zake. Ukishapanga pedi mpya unazungusha upande wa pili mpaka pedi iguse diski, halafu unaachia theluthi moja ya mzunguko. Anayelazimisha kwa klampu anavunja mtambo wa breki ya mkono, kisha anaanza kutafuta kalipa nzima.

Nilifanya yote hayo na sikuvunja kitu. Tangu siku hiyo nikawa natembea kifua mbele kama vile gari nililiunda mimi. Basi ilipofika zamu ya kumwaga oili, sikusoma wala sikuuliza. Oili! Hata mtoto anajua.

Mtoto mwenyewe alikuwepo. Salma, binti yangu, alishika tochi.

Nikapiga jeki katikati ya fremu ya mbele, nikaweka stendi mbili kwenye sehemu zake za pembeni, nikalisukuma gari kwa bega kuhakikisha limekaa. Hilo nililifanya vizuri, na niliandike hapa kabisa kwa sababu ndilo la mwisho kufanyika vizuri siku ile. Spana namba 19 ikafungua boliti ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili ikatiririka beseni, nikabadilisha washa, kile kipete cha kuzibia, na kurudisha boliti. Boliti hiyo haitaki nguvu za mwanamieleka, Nm 35 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha; sampu ikishaharibika thredi, hadithi inakuwa nyingine.

Sasa filta ya oili. Kwenye MX-5 hii filta iko upande wa kulia wa injini, imejibanza chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, kama mdaiwa aliyesikia hodi. Kuna njia tatu za kuifikia: kutoka juu, mkono ukipita katikati ya mabomba, kutoka chini, ukiwa umelala chali, au kwa kutoa gurudumu la mbele la kulia na kuingilia hapo. Njia ya gurudumu ndiyo ya watu wenye akili. Unaiona filta, unaivisha mfuko wa plastiki kabla ya kuitoa, oili inayomwagika inabaki mfukoni. Mimi nikapita juu.

Mkono uliingia. Filta haikuzunguka. Aliyeifunga mara ya mwisho alifanya makosa mawili kwa mpigo: aliikaza kwa spana, na hakuipaka raba yake oili. Raba kavu ikikaa miezi kadhaa kwenye joto la injini inagandamana na chuma kama imechomelewa. (Aliyeifunga mara ya mwisho ni mimi. Tuendelee.)

Nikakumbuka hila ya wazee wa gereji: toboa filta kwa bisibisi kubwa, tokeza upande wa pili, geuza bisibisi kama mpini. Hila hiyo ina sharti moja ambalo wanaoisimulia hulisahau. Bati la filta ni jembamba, na sehemu yenye nguvu ni kitako chake tu, pale panapokutana na injini. Ukitoboa mbali na kitako, huzungushi filta, unachana bati. Nilitoboa mbali. Bisibisi ikazunguka nusu duara kwa ulaini wa ajabu, nikashangilia, kumbe filta yenyewe haijasogea hata unywele. Nilipotoa mkono nilikuwa nimeshika ganda na kikunjo cha karatasi iliyolowa oili, na kitako bado kimeng'ang'ania injini.

"Baba, umeivunja?"

"Naifungua kwa awamu, mwanangu."

Awamu ya pili ilikuwa patasi na nyundo ndogo, nikigonga ukingo wa kitako kidogo kidogo kuelekea kinyume cha saa. Kilipoachia kiliachia ghafla. Oili ya uvuguvugu iliyokuwa imesalia ikashuka mkononi, ikapita kiwiko, ikafika kwapani, ikapumzika hapo. Nilivyofurahi! Nikavitupa vipande vyote beseni, vikazama kwenye oili nyeusi, na ushahidi ukazama navyo.

Maana kitu cha kuangalia pale ni kimoja tu. Ukitoa filta, igeuze uone kama raba yake ya duara imetoka nayo. Kama haipo, iko kwenye injini. Raba iliyogandamana inaweza kubaki imenata pale kwenye uso wa chuma, nyeusi juu ya uchafu mweusi, na kwa jicho la mtu anayechungulia kati ya mabomba inaonekana kama sehemu ya injini. Kidole kimoja kingenitosha. Kidole hicho nilikuwa nakitumia kujikuna.

Filta mpya nikaifunga kwa heshima zote. Nikapaka raba yake oili, nikaizungusha kwa mkono mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Nakumbuka kabisa kwamba iligusa mapema, thredi zikiwa hazijaingia sana. Mtu mwenye busara hapo angejiuliza. Mimi nikasema filta za siku hizi zimeboreshwa.

Nikamimina lita 3.8, nikaangalia dipstiki (kijiti cha kupimia oili), nikawasha. Tapeti za injini hizi, vile vipande vinavyosukuma valvu, hujazwa na oili yenyewe, hivyo baada ya kumwaga hugonga tak-tak-tak mpaka oili izifikie. Zikagonga, zikanyamaza. Nikatazama geji ya presha ya oili: mshale umesimama katikati, umetulia tuli. Salma alikuwa amesimama kando na tochi yake, na mimi baba mtu nikaona lazima anisikie. Nikakanyaga mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika.

Injini ikanguruma. Chini pakasikika sauti ndogo, kama mtu anayetema mbegu.

"Baba, gari linakojoa."

"Hayo ni maji ya AC, mwanangu."

Kimya kidogo. "Maji ya AC ni ya njano?"

Nikatazama geji tena. Mshale katikati. Sasa ubishani ulikuwa kati ya mtoto mwenye tochi na chombo cha kiwandani, nikaona heri niamini chombo. Nikaliacha gari lingurume sekunde nyingine kadhaa, nikimweleza Salma kwamba kama kungekuwa na tatizo la oili, mshale ule ungeshuka. Mshale ukashuka. Haukushuka kwa hatua, ulianguka, kutoka katikati hadi sifuri kwa mara moja, kama mtu aliyezimia. Nikazima.

Chini ya gari palikuwa na ziwa. Oili mpya kabisa, ina rangi ya asali, inapanuka taratibu kuelekea ndala za Salma.

Raba mbili zikilaliana haziwezi kuziba. Ile ya filta inakaa kwenye mfereji wake, lakini ile ya zamani haina mfereji, imebanwa kati ya chuma na raba mwenzake, na zote zina oili. Injini ikinguruma taratibu zinaweza kuvumilia. Ukikanyaga mafuta, pampu inaongeza presha, raba ya zamani inateleza upande mmoja na kuchomoza nje, na kuanzia hapo pampu inakazana kumwaga sampu nzima kwenye sakafu. Oili baridi ni nzito, presha yake inakuwa juu zaidi, ndiyo maana mambo haya hutokea mara tu baada ya kuwasha.

Na ule mshale? MX-5 za mwanzo, mpaka za 1994, zilikuwa na geji ya kweli: sensa inapima presha, mshale unapanda ukikanyaga na kushuka ukiachia. Kwenye za 1995 hadi 1997 kilichofungwa pale kwenye injini ni swichi. Ikihisi presha kidogo tu inaupeleka mshale katikati, na hapo utakaa hata mambo yameharibika nusu. Kwa hiyo wakati oili inamwagika, mshale haukuwa umesema presha ni nzuri. Ulisema ipo. Pampu ilipoanza kunyonya hewa, ndipo ukakata roho.

Bahati yangu ekzosi ya gari hili iko upande wa kushoto, filta upande wa kulia. Oili haikugusa bomba la moto, la sivyo ningekuwa naandika kuhusu moto. Nikamwaga unga wa mbao, nikaacha unyonye, nikafagia, nikamwaga tena. Fremu, bushi na buti za raba upande ule nikazifuta moja moja, maana oili ikikaa kwenye raba inailainisha mpaka inavimba. Raba ya zamani niliikuta imening'inia pembeni mwa filta kama ulimi. Mara hii nilitoa gurudumu, nikasafisha uso wa chuma kwa kitambaa, nikaupitisha kidole mduara mzima mara tatu.

"Baba Salma," sauti ikatoka ndani, "njoo uone zulia."

Ndala zile zilikuwa zimetembea.

Baada ya hapo nikaapa siishi na mshale mwongo. Mageuzi yenyewe si makubwa: unatafuta geji na sensa za gari la kabla ya 1995, unatoa klasta ya dashibodi, ile sehemu yenye geji zote, unahamisha geji, kisha kwenye injini unatoa swichi na kufunga sensa. Usisahau kufungua kebo ya spidi nyuma ya klasta kabla ya kuivuta. Sensa inakaa wapi? Juu kidogo ya filta. Mkono wangu ulikuwa unaijua njia.

Thredi ya sensa ni ndogo, ya bomba la 1/8, inayonenepa kadiri inavyoingia. Nikiwa mtu niliyeshaona ziwa la oili, nikasema hapa hapavuji tone. Nikaifunga thredi tepu. Mizunguko mitatu ingetosha, nikafunga minane.

Nikawasha. Mshale wa kweli, wa geji ya kweli, ukabaki sifuri.

Nikazima kabla Salma hajafungua mdomo. Nikaingia chini: kukavu. Dipstiki: oili imejaa. Nikawasha tena, sekunde mbili, sifuri, nikazima. Jasho likaanza. Nikashawishika kwamba raba nyingine imebaki, ya tatu sasa, sijui imetoka wapi. Nikatoa gurudumu, nikatoa filta nzima kwa ajili ya kuhesabu raba. Moja. Nikaigeuza. Bado moja.

"Safari hii halikojoi," Salma akanifariji.

Ilibidi nikae chini na mita ya umeme ndipo nikaelewa. Sensa hii ina waya mmoja tu. Njia ya pili ya umeme ni mwili wake wenyewe: thredi zinagusana na chuma cha injini, umeme unarudi hasi ya betri. Nilikuwa nimeivisha sensa koti la plastiki tabaka nane, haigusi kitu. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa sensa, nyingine kwenye hasi ya betri, na mita ikasema hakuna njia kabisa. Mzunguko wa umeme ukikatika, geji hii inasoma sifuri. Kumbe geji ya uongo iliniambia salama kwenye ajali, na geji ya kweli ikaniambia ajali kwenye salama, na zote mbili nilizifunga au kuziamini mimi.

Nikabandua tepu yote, nikasafisha thredi kwa brashi ya waya, nikapaka kidogo gundi ya majimaji ya kuzibia thredi, nikiacha thredi mbili za mbele tupu ili ziume chuma. Mita ikalia. Nikawasha. Tak-tak-tak, kisha mshale ukainuka kutoka sifuri, ukapita katikati, ukasimama juu. Nikakanyaga, ukapanda. Nikaachia, ukashuka. Nikakanyaga tena bila sababu yoyote.

Tukakaa mbele wote wawili kuutazama kama watu wanaotazama mpira. Injini ikapata joto, oili ikawa nyepesi, na mshale ukaanza kuteremka, kidogo kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Oili ikiwa ya moto na injini ikizunguka taratibu, presha haiwi kubwa; nilishamweleza Salma hilo mara mbili.

"Baba, mbona unashuka?"

Nikazima gari, nikamwomba tochi, nikalala chali nikaingia chini.